Huku Kuomba Chumvi ni Matusi

4 Septemba 1988

Dada mpendwa,

Shikamoo. Tumefika salama na mabegi yote yamefika, hata kile kikopo cha dawa ulichokifunga kamba juu ya kamba. Baba alihitaji kisu kukifungua. Mtoto wako hajambo? Ameacha kutambaa kinyumenyume? Na mguu wa Mjomba je? Mwambie huku nimemwona mtu anauza magongo ya kutembelea yenye kichwa cha bata. Baba alicheka hadi akakohoa.

Chumba alichotuazima yule fundi wa matanuri, rafiki yake Baba, kiko juu ya duka la viatu. Harufu ya gundi na ngozi inapanda ngazi mchana kutwa. Kuna vitanda viwili, meza, dirisha linalotazama uchochoro, na bomba linalonguruma kama mtu anayetaka kusema jambo akaghairi. Fundi mwenyewe anafanya kazi mji mwingine. Ufunguo alimwachia muuza viatu.

Sasa jambo lenyewe. Dada, watu wa huku wanakula usiku. Si usiku wa kwetu, usiku kweli. Saa moja mikahawa imefungwa. Saa mbili ndiyo kwanza wanafagia. Saa nne unasikia viti vinaburutwa nje, na saa sita watoto wadogo bado wako mezani wanalilia nyama. Baba aliposimama uchochoroni siku ya kwanza akaziona meza zote zile zina taa, alizihesabu kwanza kwa kidole. Kisha akaniambia, "Mwanangu, miaka yote hii nilidhani usiku ni wa waoka mikate na wezi tu."

Unajua mwenyewe tulivyoishi. Sisi tukila, yeye amelala; sisi tukilala, yeye yuko kwenye tanuri. Simkumbuki mezani usiku, labda siku za misiba. Ndiyo maana alipostaafu hakutaka shamba wala duka. Alitaka kukaa chini usiku, aletewe sahani.

Tunakula kwa mama mmoja mwenye mkahawa mdogo mwisho wa uchochoro. Baba amempa jina, Bi Sufuria. Mimi ndiye msemaji, kwa ile lugha ya shuleni. Unanijua, mwalimu akiniita mbele nilikuwa nasahau hata jina langu. Hapa sina pa kukimbilia. Nikinong'ona, Bi Sufuria anainama mpaka sikio lake linanigusa pua.

Usiku ule wa kwanza tulikula supu ya samaki, kondoo wa kuokwa na vitunguu saumu, jibini linalonuka kama soksi (Baba alilimaliza), na divai nyekundu kwenye jagi la udongo. Baba alikunywa glasi tatu. Akamega mkate, akaunusa, akasema, "Huyu mwenzangu alisinzia wakati wa kukanda, lakini si mbaya." Alikuwa na furaha, Dada. Sijawahi kumwona hivyo, nikaona haya kumtazama.

Jioni miguu yake inavimba kidogo. Anasema ni ile safari ya ndege.

Mdogo wako.


22 Septemba 1988

Mdogo wangu,

Marahaba. Mtoto sasa anatambaa mbele, na anatambaa kuelekea kila kitu kinachokata. Mjomba anasema hataki bata, kama kuna gongo la simba umletee. Mimi wamenirudisha zamu ya usiku, wadi ya wanaume, kwa hiyo usiuchambue mwandiko.

Barua yako nimeisoma nimesimama. Kondoo, jibini, divai glasi tatu! Halafu miguu imevimba unaiweka mwishoni, kama habari ya mawingu. Sikiliza. Baba hapaswi kula chumvi. Hapaswi kugusa divai wala kileo chochote. Nilimwambia kabla ya safari, akaitikia, "Ndiyo, nesi." Nawe unaijua "ndiyo" ya Baba, ni ya kufungia mlango. Ukimwambia wewe hatasikia. Kwa hiyo usimwambie.

Wewe ndiye ulimi wake huko. Anachoagiza lazima kipite kinywani mwako kwanza. Mwambie huyo mama sahani ya Baba isitiwe chumvi, na divai yake iongezwe maji, kidogo kidogo, mpaka maji yazidi. Hatajua. Chakula cha ugenini, atajuaje kilivyopaswa kuwa?

Najua una haya. Haya haijawahi kumponya mtu.

Na usiniulize mambo ya daktari. Fanya ninavyokwambia.

Dada yako.


12 Oktoba 1988

Dada,

Shikamoo. Nafurahi mtoto anatambaa mbele. Magongo ya simba hayapo, nimeuliza. Huku baridi imeanza, muuza viatu ametupa blanketi lenye tundu moja na akaomba radhi kwa ajili ya lile tundu.

Nimefanya ulivyosema. Nilijifanya natafuta choo nikaingia jikoni. Bi Sufuria alinisikiliza hadi mwisho, akaweka mwiko chini. "Baba yako anajua?" Nikasema anajua.

Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Wa pili niliusema mezani. Baba alionja supu, akatulia, akaanza kuitafuta chumvi kwa macho. Nilikuwa nimeshaomba iondolewe kwenye meza yetu. Akasema, "Niombee chumvi, mwanangu." Dada, sijui lilitoka wapi neno lile. Nilimwambia, "Baba, huku kuomba chumvi ni matusi. Ni kumwambia mpishi hajui kazi."

Akaurudisha mkono haraka kama aliyegusa trei ya moto. "Ahaa," akasema. "Afadhali umeniambia. Ningemtukana mama wa watu bure."

Unamjua. Mtu akibakiza mkate wake yeye alikuwa anakosa raha siku nzima. Tangu hapo anakula kila kitu, anaifuta sahani kwa mkate na kuinua kidole gumba kuelekea jikoni. Tukirudi chumbani ananiambia kwa sauti ya chini, kana kwamba ukuta utamsengenya, "Nchi nzuri hii, lakini chumvi Mungu aliwanyima." Divai anasema ni maji ya kusuuzia chupa. Anainywa kwa sababu wengine wote wanainua glasi, naye anataka kuinua.

Juzi alisema jambo jingine. "Labda si wao. Labda ni ulimi wangu. Uzee unaanzia popote." Nilienda chooni nikakaa huko mpaka mtu akagonga.

Miguu imepungua, hilo ni kweli. Ngazi anazipanda bila kusimama katikati. Lakini hasimulii tena akila. Ile wiki ya kwanza alikuwa haachi kuongea, mara tanuri lililozimika, mara yule mwenzake aliyelala ndani ya gunia la unga. Sasa anatafuna huku akiwatazama watu wengine wanavyotafuna.

Dada, daktari alisema nini hasa? Siulizi kwa ubishi.

Mdogo wako.


31 Oktoba 1988

Mdogo wangu,

Marahaba. Mtoto ameota jino na mtu wa kwanza kuonja ni mimi. Mjomba amepunguza kuchechemea, au amezoea, sijui.

Umefanya vizuri. Miguu ikipungua ujue dawa imepata nafasi. Uongo wako wa chumvi ulinichekesha peke yangu wadini, mgonjwa wa kitanda cha dirishani akauliza, "Nesi, umeposwa?" Endelea hivyo hivyo. Kuhusu ulimi wake, mwache aamini ni uzee. Hakuna aliyekufa kwa kukosa ladha.

Swali lako nimeliona. Kwetu joto limezidi mwaka huu na bati linapiga kelele mchana kutwa.

Dada yako.


20 Novemba 1988

Dada,

Shikamoo. Msalimie Mjomba, mbusu mtoto mahali ambapo hawezi kuuma. Mimi ni mzima. Kuhusu Baba sijui nikuandikie nini, naona nikusimulie tu.

Alhamisi mkahawa ulijaa. Meza ya jirani alikaa mzee mmoja wa kofia na wenzake, watu wa kucheka. Sahani zikaja. Yule mzee hata hakuonja, akavuta kichupa cha chumvi akaanza kukitikisa. Baba akaacha uma. Akamtazama mzee, akamtazama Bi Sufuria aliyesimama palepale, akanigeukia mimi.

"Umeona mambo hayo? Mbele ya mwenyewe!"

"Baba, achana nao."

"Niachane nao vipi? Mama wa watu kasimama motoni tangu asubuhi."

Kabla sijamshika shati alikuwa ameinuka. Akaenda, akaweka kiganja juu ya kile kichupa, akakivuta kwa adabu kabisa. Akamwambia kwa lugha yetu, "Mzee mwenzangu, samahani. Mpishi akikosea anaambiwa kando. Hatukanwi mbele ya watu."

Watu wakageuza viti kutazama. Mzee wa kofia alidhani Baba anataka chumvi, akamsogezea, chukua, chukua. Baba akairudisha. Mzee akaisogeza tena. Wakawa wanasukumiana kichupa, wazee wawili wenye heshima zao. Mtu mmoja akacheka, kisha meza nzima, kisha wote. Hawakucheka kwa ubaya, lakini aliyechekwa hapimi.

Bi Sufuria akaja kuniuliza baba yangu anasema nini. Maneno yote nilikuwa nayo. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Basi akamshika Baba mkono, akaufungua, akamtilia chumvi kiganjani. Akamwonyesha meza moja baada ya nyingine, kila meza ina kichupa chake. Akamwonyesha yetu, isiyo nacho. Halafu akaninyooshea kidole.

Baba akalamba kiganja. Kisha akarudi kukaa.

"Ni wewe?"

"Dada ndiye aliye..."

"Sikukuuliza nani amekutuma."

Alimaliza sahani yake yote, ile ile isiyo na chumvi. Akaifuta kwa mkate, akainua kidole gumba kuelekea jikoni. Watu wakampigia makofi. Kwenye ngazi, akiwa amenipa mgongo, akasema, "Nilidhani ulimi wangu umekufa. Nimeuzika, nimeulilia. Na wewe umekaa mbele yangu unanitazama nikizika."

Tangu siku hiyo hatoki. Anakula mkate mkavu kando ya dirisha, anashushia maji. Dawa zako hagusi, anasema hajui mmetia nini mle ndani. Bi Sufuria alituletea chakula kwenye sufuria ndogo, ikarudi imejaa. Usiku, meza zikitolewa nje, anazima taa yetu ili asionekane akitazama.

Ameniagiza jambo moja nami naliandika kama alivyolisema: "Mwambie nesi, mficha maradhi kilio humuumbua, na safari hii aliyeficha si mgonjwa. Daktari alisema nini? Asikujibu wewe. Anijibu mimi."

Mdogo wako.


8 Desemba 1988

Mdogo wangu,

Hii isome peke yako. Kama yuko karibu, toka nje.

Mtoto mzima, Mjomba mzima. Barua nyingine za kukujibu nimezichana.

Daktari aliniita kando, mlangoni mwa wadi, vilevile sisi tunavyowaita ndugu wa wagonjwa. Alisema moyo wa Baba umetanuka na umechoka. Ni miezi, si miaka. Hiyo ilikuwa Julai. Nilimwacha asafiri kwa sababu nilijua nikimkataza ataniuliza kwa nini, na akiniuliza huku ananitazama usoni sitaweza. Kazini nawaambia watu habari hizo kila wiki. Naweka mkono begani, najua nianze na neno gani na ninyamaze wapi. Kwa Baba maneno hayakuja. Nikatumia mdomo wako.

Usimwambie. Mtu akijua anajiachia, nimewaona kwa macho yangu, wanaugeukia ukuta. Mwambie nesi anasema ni presha, atulie, ameze dawa. Tiketi yenu ni ya Januari. Apande tu ndege. Nitampokea mimi, nitamlaza hapa wadini kwangu, nitampikia uji kwa mkono wangu. Mfikishe uwanja wa ndege akiwa hai, mengine niachie.

Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu.

Dada yako.


29 Desemba 1988

Dada,

Shikamoo. Barua yako imefika jana. Niliisoma peke yangu kwenye ngazi, kama ulivyotaka. Ilikuwa imechelewa.

Wiki iliyopita Baba alianguka akivaa viatu. Muuza viatu alitusikia juu ya kichwa chake, akapanda mbio na nyundo bado mkononi, akatutafutia teksi. Huko hospitali daktari alikuwa kijana mwenye mafua, mfuko umejaa kalamu. Alimpima Baba, akaishika picha ya kifua mbele ya taa, kisha akanigeukia mimi akaanza kusema. Mimi, si Baba. Alitumia maneno mepesi, polepole, ili nisipitwe. Sikupitwa na hata moja. Baba alikuwa kitandani, shati wazi, anautazama mdomo wangu.

"Amesema nini?"

Neno "presha" lilikuwepo tayari, Dada. Sikuhitaji barua yako kunifundisha, lilikuwa limekaa ulimini linasubiri kutoka. Daktari hangejua. Baba pia hangejua. Wote wawili walikuwa wananingoja mimi.

"Amesema moyo umechoka, Baba. Maji yamejaa mapafuni. Amesema hutapona."

"Lini?"

Nikauliza. Nikajibiwa. "Wiki chache. Pengine mwezi. Pengine mwezi haufiki."

"Na chakula?"

"Amesema chumvi na divai vitapunguza siku. Nimemuuliza ni siku ngapi. Amesema hajui, si nyingi."

Baba alifikiri. "Muulize kama naweza kupanda ndege."

Daktari alitikisa kichwa. Hilo halikuhitaji mkalimani, lakini nililisema hata hivyo, kwa sababu nilikuwa nimeanza. "Hapana, Baba. Amesema hutafika."

Akafunga vifungo vya shati, kimoja baada ya kingine, nami sikumsaidia kwa sababu hakuomba. Akasema, "Kumbe una sauti." Walitaka kumlaza. Alikataa, na hilo nalo nililisema kama alivyolisema.

Usiku alilia. Sikuwahi kumsikia Baba akilia, hata kwenye msiba wa Mama. Chumba ni kimoja, sikuwa na pa kwenda, nikalala macho wazi. Umesema wakijua wanaugeukia ukuta. Aliugeukia. Siku mbili nzima. Sitakuficha hilo, ulikuwa unasema kweli.

Siku ya tatu akaomba nimnyoe. Akameza dawa zako, akaniuliza kila moja ni ya nini, nami nikamsomea vibandiko. Jioni muuza viatu na mimi tulimshusha kwenye kiti, ngazi kwa ngazi, Baba akitukemea kwamba hata magunia ya unga yalikuwa yakibebwa kwa akili zaidi. Aliniambia niagize kondoo kama wanavyompika, na divai kama inavyotoka. Nikaagiza kwa sauti iliyofika jikoni. Bi Sufuria alinitazama kwanza, kisha akamtazama Baba, na Baba akaitikia kwa kichwa.

Alikula vipande vichache tu. Hakuweza zaidi. Divai aliigusa kwa mdomo akaiweka. Nilitaka kukuandikia kwamba alikula akafurahi kama usiku ule wa kwanza, lakini haikuwa hivyo, tumbo lake limejaa maji na pumzi zinakatika katikati ya tonge. Alisema ni kitamu. Akaomba sahani isiondolewe. Tukakaa nayo mbele yetu, akanisimulia habari za yule mwenzake wa kwenye gunia la unga, mpaka wakaanza kupandisha viti juu ya meza.

Barua yako nilimsomea jana hiyo hiyo, maana macho yake hayashiki tena herufi ndogo. Nilimsomea yote, hata mahali unaposema nisimsomee. Aliposikia habari ya wewe na daktari mlangoni mwa wadi alifumba macho. Mwisho akauliza, "Aliiandika akiwa zamuni?" Nikasema sijui. "Basi mwambie alale," akasema. Nikamuuliza kama amekukasirikia. Akasema amekasirika sana, na kwamba nisipunguze neno. Akasema pia anataka kukuona. Hilo nalo sikuongeza, ni lake.

Kwa hiyo njoo wewe, Dada. Mtoto mwachie Mjomba, wataumana lakini wataishi. Zamu zako mwombe mwenzako azishike. Uji usilete. Asubuhi nikimwinua nasikia kifua chake kinavyochemka, na sidhani kama kuna muda wa wewe kuandika barua nyingine ukaichana.

Na ukifika usinivute pembeni kwenye ngazi kuniuliza anaendeleaje. Panda moja kwa moja, mlango haufungwi. Muulize mwenyewe. Nyinyi wawili mna lugha moja. Mimi nitashuka nikae na muuza viatu mpaka mmalize.

Mdogo wako.